Kila wiki mwanasaikolojia wangu ana jambo jipya. Je, anajua anachofanya?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 36, nina watoto watatu, naishi Igombe hapa Mwanza. Kazi yangu ni dagaa. Nilikuwa navuka kwenda visiwani, nakaa siku mbili tatu, nanunua kwa wavuvi wenyewe na kurudi na magunia yangu. Mwaka jana boti tuliyopanda ilipigwa na wimbi tukiwa tumekaribia kufika, ikapinduka. Mimi nilishika dumu tupu nikaokolewa. Mwenzangu niliyeanza naye biashara hakutoka. Siku anazikwa mimi nilikuwa nimelazwa.

Tangu hapo moyo unanienda mbio ghafla, vidole vinakufa ganzi, kichwa kinazunguka, naona kabisa kwamba nakata roho. Mara ya kwanza ilinikuta ndani ya daladala, siyo hata majini. Usingizi ni wa kuibia. Sivuki tena, nanunua mwaloni, pale boti zinapofikia, kwa walanguzi, na faida yote inaishia kwao. Hospitali wamenipima moyo, presha, damu, sukari na malaria, hawakuona kitu. Daktari akanipa kidonge cha usiku na kunielekeza kwa mwanasaikolojia.

Nimeshaenda mara tano. Mara ya kwanza aliniuliza maswali 9 ya karatasi na mengine mengi. Ya pili akanifundisha kupumua. Ya tatu akaanza habari za utotoni, nani alinilea (nililelewa na bibi). Ya nne akachora ngazi, eti niseme hofu ndogo iko wapi na kubwa iko wapi. Ya tano akauliza kama nasali, kama nimeenda kwa mganga, na kama mume wangu anaweza kuja. Akanipa pia karatasi ya kujaza mawazo yangu kila siku. Sijaijaza. Darasa la saba nilimaliza, lakini kuandika kunanichosha na ninaona aibu kumwambia.

Rafiki yangu wa kanisani anasema mtaalamu wa kweli ana tiba moja, huyu anapapasa. Mama mkwe anasema marehemu amenishika, na ameniletea dawa ya kienyeji kwenye chupa, nakunywa asubuhi na jioni. Sijamwambia mwanasaikolojia. Mume wangu naye anataka kujua ninasema nini kule ndani. Je, niendelee? Nimwambie habari za chupa? Na mume aingie au asiingie?

Mama wa Dagaa, Igombe

*

Marahaba, dada. Pole sana kwa msiba, na pole kwa kuubeba muda wote huu bila hata kufika makaburini. Hilo la makaburini nitalirudia, maana naona ndilo lililopitiwa haraka kuliko yote katika barua yako.

Kwa ulivyoeleza, mtaalamu wako hapapasi. Anachofanya ni tiba unganishi: badala ya kumpitisha kila mteja kwenye njia ya mkondo mmoja wa saikolojia, anachukua mbinu kutoka mikondo mbalimbali kulingana na kinachomsumbua huyu aliye mbele yake. Wewe mwenyewe unajua kwamba wavu wa dagaa haumvui sangara, na wavu wa sangara dagaa wanapita. Mtu mmoja aweza kuja na mambo manne yanayotaka mbinu nne, na wewe unayo: mwili unaoshtuka, njia ya maji uliyoiacha, msiba usioliliwa, na nyumba ambayo kila mtu ana maelezo yake juu yako.

Rafiki yako hata hivyo ameshika jambo la kweli. Wapo wanaochanganya bila mpango, leo hiki kesho kile, kwa sababu cha jana hakikuleta kitu. Tofauti iko hapa: mwenye mpango ana shina. Akiulizwa "leo tunafanya hiki kwa nini?" anajibu kwa sentensi mbili tatu unazozielewa, na jibu lake linarudi kwenye lengo mlilokubaliana. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba ushirikiano wa mteja na mtaalamu unasimama juu ya mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi za kufanya, na kuaminiana. Lako la tatu naona lipo, vinginevyo usingerudi mara tano. La pili limelegea, maana unafanya kazi ambazo hujaambiwa zinaelekea wapi. Hapo kosa ni lake. Kufikia miadi ya tatu alipaswa kuwa amekuchorea ramani nzima.

Niipitie safari yenu uone uzi wake.

Yale maswali 9 ni kipimo kinachotumika nchi nyingi, na tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Yanauliza wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha na kadhalika. Kila swali linapata 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 mtaalamu anaanza kuangalia kwa makini kama kuna sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Omba uambiwe alama zako za siku ile, na umwombe arudie kipimo. Zikishuka kwa 5 au zaidi, hayo ni mabadiliko ya kweli, siyo ya kujipa moyo. Swali la 9 linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Kama jibu lako lilikuwa chochote zaidi ya 0, au likibadilika wakati wowote, usisubiri miadi. Mwambie mtu uliye naye nyumbani, na nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Bugando na Sekou Toure zinapokea dharura hata usiku.

Kupumua kunahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiko watu wengi wanakoharibu. Hofu ikipanda unapumua haraka na juu juu, unatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyotaka. Hewa ukaa ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo inabana kidogo na neva zinakuwa nyepesi kushtuka. Ndipo vidole vinakufa ganzi, midomo inawasha, kichwa kinazunguka. Ukiona hivyo unasema "nakufa", hofu inaongezeka, unapumua haraka zaidi. Shambulio kama hilo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, halafu linashuka lenyewe, na daladala haina kosa lolote: mwili ulioshtuka unaweza kulipuka popote palipobana.

Sasa, watu husikia "pumua" wakadhani ni kuvuta hewa kubwa. Hapana. Hewa kubwa inazidisha ganzi. Inayotakiwa ni pumzi ndogo na ya polepole. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo litoke na mabega yatulie, kisha achia kidogo kidogo ukihesabu hadi 6, kama unayepoza uji wa mtoto bila kuumwaga. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5, asubuhi na jioni, ukiwa umetulia, siyo kungoja shambulio. Anayejifunza kuogelea siku boti imepinduka amechelewa. Na usiifanye hirizi. Ukifika mahali unasema "bila kuhesabu nitakufa", mwambie mtaalamu wako, kwa sababu hapo mbinu yenyewe imekuwa sehemu ya hofu.

Maswali ya utotoni nayo hayakuwa udaku. Uhusiano wetu na waliotulea unatufundisha kama tukiumia tutalia kwa sauti au tutanyamaza. Tena utafiti mmoja wa mwanzo kabisa juu ya jambo hili ulifanyika upande wa pili wa ziwa hili hili. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia mtoto anavyomfuata mama, anavyolia mama akitoka na anavyotulia akirudi. Kwako wewe swali la maana ni hili: kwa bibi, mtoto aliyeogopa alifanywaje? Kama alibembelezwa, una akiba ya kutumia. Kama aliambiwa "nyamaza, kazi inangoja", basi tunaelewa kwa nini umekaa na huzuni hii peke yako hadi mwili ukaanza kuisema.

Ngazi ndiyo itakayokurudisha kazini, na hapa mtaalamu wa ukanda wa ziwa anapaswa kuwa makini kuliko vitabu vyake. Kuogopa ziwa siyo ugonjwa. Mwanza inakumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996, na kisiwa cha Ukara kinakumbuka kupinduka kwa kivuko cha MV Nyerere, Septemba 2018. Boti iliyojaa kupita kiasi, isiyo na majaketi ya kuokolea, ikiondoka wakati upepo umeshachafuka, inastahili kuogopwa, na tiba yoyote ikikufanya uipande kwa ujasiri ni tiba mbaya. Kinachotibiwa ni ile hofu iliyomwagika nje ya mahali pake, ikakufuata hadi kwenye daladala na kitandani. Kwa hiyo kabla ya kupanda ngazi, kaeni muandike masharti yako ya kuvuka: utapanda chombo cha aina gani, kimebeba kiasi gani, hali ya hewa iweje, na jaketi liwe mwilini mwako, si chini ya magunia. Masharti hayo yanabaki hata ukishapona.

Ngazi yenyewe, kila hatua ipewe namba ya hofu, 0 hadi 10. Kwako inaweza kuanza na kusimama mwaloni Igombe ukitazama boti, robo saa tu. Chagua siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inapopumzika na watu ni wachache. Kisha kugusa boti iliyofungwa. Kisha kukaa ndani yake ikiwa imefungwa, umevaa jaketi. Kisha kupita juu ya maji bila kuelea: daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi, na kulivuka kwa basi ni hatua nzuri ya katikati ambayo zamani hatukuwa nayo. Ndipo kivuko kikubwa cha safari fupi, kama cha Kamanga, asubuhi ziwa likiwa limetulia. Boti ya visiwani ni ya mwisho kabisa.

Anza na hatua yenye hofu ya 3 au 4. Rudia hatua moja mara 3 au 4 kabla ya kupanda nyingine. Usikimbie hofu ikiwa kileleni, kwa sababu ukikimbia hapo, mwili unahesabu kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho hatua ile ile inakuwa nzito zaidi. Kaa mpaka uone inalegea, hata kidogo. Anayeruka ngazi kwa kuchoshwa na gharama za walanguzi, akapanda boti wiki ya pili, mara nyingi anarudi nyuma kuliko alipoanzia.

Karatasi usiijaze. Ndiyo, mwambie hivyo waziwazi, na ukiona anakasirika basi umejifunza jambo juu yake. Mtaalamu wa tiba unganishi ndiye anayebadilisha kazi imfae mteja, na siyo kumkunja mteja aenee kwenye kazi. Wewe unahesabu madebe na magunia kutwa nzima; hiyo ndiyo hati yako. Chukua kipande cha boksi, kigawe kwa mistari siku 7. Kila shambulio chora kijiti kimoja. Likiwa zito kijiti kirefu, likiwa jepesi kifupi. Kama lilikuja ukiwa karibu na maji, kiwekee nukta. Dakika moja kila jioni inatosha. Mkikutana, mwambie kwa mdomo ulichokuwa unawaza kabla ya kila kijiti. Wengine hujirekodi sauti kwenye simu. Hiyo inafaa kama simu ina namba ya siri na watoto hawaichezei.

Kumfuata mteja alivyo kunaenda mbali zaidi ya karatasi. Kama machozi yako yanatoka kwa Kikerewe au Kisukuma, sema kwa lugha hiyo. Hata kama yeye haijui, aache useme kwanza, utafsiri baadaye. Kiziwi anastahili mkalimani wa lugha ya alama ambaye si ndugu yake, ili asifiche mambo. Mwenye ualbino anastahili kiti kisichopigwa na jua la dirishani, na pia kuulizwa kuhusu usalama wake njiani bila kufanywa kwamba hilo ndilo lililomleta. Na ratiba ni sehemu ya tiba: mwombe miadi ifuate mwezi. Siku za giza dagaa wanaingia na wewe uko mwaloni tangu alfajiri. Kukulazimisha saa 3 asubuhi siku hizo ni kukufukuza kwa upole.

Chupa. Mwambie, na mwambie daktari aliyekupa kidonge pia. Ibebe yenyewe, useme unakunywa kiasi gani na saa ngapi. Dawa nyingine za mitishamba zikikutana na kidonge cha usiku zinaleta usingizi mzito kupita kiasi au moyo kwenda mbio, yaani dalili ile ile unayotibiwa, na hapo hakuna atakayejua nini kinasababisha nini. Mpaka daktari aione, simamisha ya chupa, na kidonge usikiache wala usiongeze bila yeye. Mtaalamu wako hakuuliza habari za mganga ili akucheke. Aliuliza kwa sababu maelezo ya ugonjwa yanayokubalika nyumbani kwako ndiyo yatakayosaidia tiba au kuikwamisha. Zimbabwe wameanzia hapo hapo: tangu 2006 kina bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye benchi la nje ya zahanati, na wanaanza na neno la Kishona linalomaanisha kuwaza kupita kiasi, siyo jina la kitabuni. Nasi tunasema "nina mawazo", na mtaalamu mwerevu anaanzia hapo.

Kwa hiyo mama mkwe anaposema marehemu amekushika, usibishane naye. Mimi sisemi kuna mzimu wala hakuna. Nasema mwenzako amezikwa bila wewe kuwapo, hujampa mkono mama yake, na labda usiku unajiuliza kwa nini dumu lilikuja upande wako na siyo wake. Deni la namna hiyo linamshika mtu kweli. Mletee mtaalamu wako jambo hili miadi ijayo, kabla ya kuendelea na ngazi. Mnaweza kupanga siku ya kwenda kwao na rambirambi yako, ukae nao, ufike kaburini, useme ulichotaka kusema. Pamoja na sala ya imani yako, na mama mkwe akitaka kufuatana nawe afuatane. Mipaka yangu ni michache: usikubali kufungwa, kuchapwa, kunyimwa chakula wala kuambiwa uache dawa, awe anayesema ni mganga au mtu wa maombi.

Kuhusu mume: aingie, lakini siyo kama mkaguzi. Kubaliana na mtaalamu kabla: aje mara moja, kwa dakika 20 za mwisho, na wewe utaje mapema mambo mawili ya kuzungumzwa na jambo moja lisiloguswa. La kwanza liwe ni nini kinatokea mwilini wakati wa shambulio, ili aache kukumwagia maji na kuita majirani, kama wengi wanavyofanya kwa nia njema. La pili liwe atakavyokusindikiza kwenye hatua za ngazi: akae pembeni, asikuambie "jikaze", wala asikuvute. Yaliyobaki ni siri yako. Siri hiyo inavunjwa pale tu maisha yako au ya mtu mwingine yapo hatarini, au mtoto anadhuriwa, na mtaalamu alipaswa kukuambia hivyo siku ya kwanza. Kama hakusema, muulize.

Endelea, basi, ila kwa macho wazi. Miadi ya 8 omba iwe kikao cha kupima: alama za maswali 9, vijiti vya kwenye boksi, hatua ya ngazi uliyofika. Kama hakuna kilichosogea, abadili mpango au akupeleke kwa mwenzake, na asione vibaya. Ondoka mapema zaidi kama atakuahidi kupona kwa siku moja, kukulazimisha usimulie ajali yote kwa kina kabla hujawa tayari, kukusimulia siri za wateja wengine, kukuhubiria dini yake, kukukopa hela au kukugusa usivyopenda.

Miadi ijayo ukishakaa, kabla hajafungua daftari, sema maneno haya: "Nina mambo matatu. Naomba unieleze mpango wote tangu mwanzo hadi mwisho. Kuandika siwezi, nimekuja na boksi. Na hii hapa ni chupa." Kisha iweke mezani.